Mtoto Aliyetanguliza Mguu

Akina mama, akina dada, na ninyi kina baba wachache mlioketi karibu na mlango kana kwamba mko tayari kutoroka: amani iwe kwenu. Nimeletewa kiti nizungumze nikiwa nimeketi, kwa kuwa habari yenyewe ni nzito. Nimekikataa. Habari hii ilinilaza chini muda mrefu. Leo nitaisimulia nikiwa nimesimama.

Nitatumia Kiswahili ili dada zetu waliovuka mpaka kutoka Kaya, na wale wa upande wa Aru, wasibaki nje ya maneno yangu. Najua baadhi yenu husema kwamba Kiswahili changu kimevaa tai. Ni kweli. Nilikipata darasani nikiwa mtu mzima, na kitu kilichopatikana kwa jasho hakivaliwi ovyo. Mnajua pia kwamba mimi ni mtu wa tarehe. Katika darasa letu la watu wazima kule Ludara, tarehe iliandikwa ubaoni kabla ya neno lolote, nami nikaamini kwamba jambo lisilo na tarehe halijatokea. Hata hivyo leo nitataja siku na miezi tu, wala sitamtaja mtu kwa jina. Tarehe kamili zingewafichua watu ambao bado tunasalimiana nao sokoni.

Niliolewa Ludara nikiwa msichana ambaye hakujua kuandika hata jina lake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo kutoka Arua hadi Oraba na kuvuka mpaka. Miaka ikapita bila mtoto. Mnajua maneno ambayo mwanamke wa namna hiyo husikia akiwa anateka maji. Wifi yangu mmoja alisema, nami nikiwapo, "Huyu hana mutoto ya kupeleka shule. Si ajipeleke mwenyewe!" Wakacheka wote kisimani. Basi nikajipeleka. Mwezi wa Februari uliofuata niliketi kwenye dawati lililonibana magoti, na mume wangu alikuwa akiniuliza kila arudipo safari: "Mwalimu, leo ni siku gani?" Nami nilimjibu kwa sentensi kamili.

Ndugu zangu, nawaambia, furaha ikija imechelewa, mtu huogopa kuitangaza. Ilipofika Machi mwaka wa msiba wangu, niligundua kuwa nina mimba changa. Nilimwambia mume wangu peke yake, jioni, naye akavua shati lake la safari, lile la bluu la mikono mirefu, akanikabidhi. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza hupokelewa kwa shati la baba yake. Hufungwa humo kabla ya nguo nyingine yoyote. Alisema, "Lifue, ulitunze. Mimi nitavaa jingine." Siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata, breki za lori zilimshinda kwenye mteremko. Aliletwa nyumbani Alhamisi.

Kwa hiyo angalieni nilivyobaki. Mume amezikwa Machi. Tumbo likaonekana Juni. Aliyejua siri ile yuko chini ya udongo. Mama mkwe wangu alinitazama siku moja nikiwa napepeta ulezi, akaweka ungo wake chini, akasema tu, "Hii iko ya mutoto yangu." Hakuuliza. Lakini ukoo si mtu mmoja. Shemeji yangu alisema waziwazi kwamba lori hupita na wengine hupita, na kwamba yeye hawezi kumpa kiwanja cha ndugu yake mtoto wa barabara.

Mtoto wa barabara. Lishikeni neno hilo, mtalikuta mbele.

Kulikuwa na njia moja tu ya kulifuta. Kwetu, matanga hayafungwi hadi ulezi uvunwe. Siku ya kuyafunga, mjane hunyolewa, na kama ana mimba, mkubwa wa ukoo huweka mkono juu ya tumbo lake mbele ya watu wote na kulitamkia jina. Mkono huo ukishawekwa, hakuna ulimi unaoweza kuuondoa. Kabla ya siku hiyo mjane halali nje ya boma la mumewe. Akilala nje, amejitoa mwenyewe, na alichobeba tumboni amekitoa pamoja naye. Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi upande wa Kongo, mbele ya Vurra. Siku ikapangwa: Jumamosi, wiki ya pili ya Oktoba.

Mwishoni mwa Septemba nilikwenda kliniki ya wajawazito Koboko. Mkunga, mama wa makamo mwenye mikono yenye joto, alinipapasa, kisha akapapasa tena.

"Mama," akasema, "kichwa iko juu. Mutoto iko anakaa kama mutu kwa kiti. Hii si ya kuzaa nyumbani. Kesho uende Arua."

Nilikwenda na kurudi siku moja, ili nisilale nje. Daktari wa Arua alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alinionyesha kwenye kioo cha mashine: kichwa chini ya mbavu zangu, goti moja limekunjwa, na mguu mwingine umenyooka kuelekea chini. Ndugu zangu, nilimwona mwanangu amekaa kama baba yake alivyokuwa akishuka kwenye lori, akipapasa ardhi kwa kidole cha mguu kabla ya kuuachia mwili. Nilicheka. Daktari hakucheka.

Akanieleza bila kunificha. Angeweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Ikishindikana, wapo watoto wanaotanguliza matako na kuzaliwa kwa njia ya kawaida, mikono yenye ujuzi ikiwapo. Lakini kwa aliyetanguliza mguu hakushauri hivyo, kwa kuwa mguu hauzibi njia kama kichwa kinavyoziba. Chupa ya uzazi ikipasuka, kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatoka kabla ya mtoto. Hapo pumzi yake inabanwa. Njia ya tatu ilikuwa upasuaji, siku iliyopangwa, kabla uchungu haujaanza.

Alijaribu kumgeuza. Mtoto aligeuka robo ya njia, kisha mapigo ya moyo wake yakapungua, na daktari akaondoa mikono yake upesi, akangoja hadi yakarudi. "Huyu hataki," akasema. Muuguzi akauliza, "Mzee yake iko wapi, ili tuamue?" Nikasema amekufa. Daktari akanigeukia. "Basi uamuzi ni wako, mama."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa ameniambia maneno hayo. Nilichagua upasuaji. Ukapangwa Alhamisi, wiki ya tatu ya Oktoba, na daktari akanisihi nihamie Arua tangu Jumapili iliyotangulia, nikae karibu na hospitali.

Nyumbani shemeji alisikia, akapiga makofi. "Kupasuliwa kama samaki! Na nani atalima?" Mama mkwe alikuwa amewapokea watoto wengi wa Ludara kwa mikono yake, wakiwamo waliotanguliza matako. Nilidhani atasema yeye anatosha. Aliniuliza swali moja: "Ni matako ao ni mguu?" Nikamjibu ni mguu. Akasema, "Basi uende kwa daktari. Mguu mimi naogopa."

Mnaona, basi, kwamba mambo yalipangika. Jumamosi ninyolewe, mkono uwekwe, Jumapili niende Arua, Alhamisi nipasuliwe. Nililirudia hilo kichwani kama mtoto anavyorudia majedwali ya kuzidisha. Nilijivuna, nawaambia. Nilijiona mwanamke aliyesoma, aliyeweza kuushika ukoo kwa mkono mmoja na hospitali kwa mkono wa pili.

Ijumaa ikaja habari kutoka Vurra. Mvua ilikuwa imeharibu barabara upande wa pili, na baba mkubwa alikuwa mzee asiyeweza kupakiwa kwenye pikipiki. Angefika Jumatano. Ukoo ukakubaliana kungoja.

Akina mama, uamuzi wenyewe mgumu haukufanyika mbele ya daktari. Ulifanyika Jumapili ile, nimeketi mlangoni pangu na mfuko uliofungwa tayari. Niondoke, mwanangu awe salama na awe mtoto wa barabara maisha yake yote, bila kiwanja, bila kaburi la baba la kuliita lake? Au ningoje Jumatano, mkono uwekwe, niondoke jioni ileile na kufika kabla ya Alhamisi? Uchungu haukuwa umeanza. Mtoto alikuwa akicheza. Mama mkwe aliketi kando yangu, naye hakunishawishi upande wowote. Baadaye aliniambia kwamba alitamani niondoke akaogopa kusema, na mimi nilitamani aseme.

Nilingoja. Wapo walioniambia kwamba nilifanya kosa, na wapo walioniambia kwamba sikuwa na namna. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na hakuna aliyenirudishia kitu.

Jumanne asubuhi, nikiwa naosha sufuria, chupa ikapasuka. Mama mkwe alikuja mbio. Alichukua shati la bluu kutoka kwenye sanduku, akaita pikipiki, akaketi nyuma yangu akinishika kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuwa ikinyesha, na njia ya kutoka Ludara ilikuwa matope. Tulikuwa bado hatujaiona lami ya Koboko niliposikia kitu kikiteleza. Nikasema, "Mama, kuna kitu kimetoka." Akaniangalia, akamwamuru dereva asimame.

Ilikuwa kamba. Mama mkwe aliishika kati ya vidole vyake. Kwanza ilikuwa ikidunda. Aliniambia hivyo, "Inapiga, inapiga," kama mtu anayehesabia ngoma. Akaniinamisha, magoti na viwiko kwenye majani kando ya barabara, makalio juu, akajitahidi kumrudisha mtoto asiikandamize. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakatua mizigo yao, wakavua vitenge, wakatuzungushia ukuta. Uchungu ukaja wa mfululizo. Mguu ukatoka, kisha wa pili, kisha mgongo. Kichwa kikachelewa. Alimtoa kwa ustadi; mkunga wa Koboko baadaye alithibitisha kwamba mikono ile haikukosea popote. Lakini kwa muda ambao siwezi kuupima, na mimi ni mtu wa kupima, mama mkwe alikuwa ameacha kusema, "Inapiga."

Alikuwa mtoto wa kiume. Alikuwa na vidole virefu vya baba yake. Alifungwa katika shati la bluu, kando ya barabara.

Nisameheni. Nipeni maji kidogo.

Kwetu mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Wanawake humzika nyuma ya jiko, bila ngoma na bila wimbo, na jirani akija huambiwa kwamba mama yule alikuwa mgonjwa. Shemeji alisema hivyo kwa nia njema, nakiri: "Shemeji, usilie hivi. Hakuna mutu alikufa." Hakuna mtu aliyekufa. Siku ya tatu maziwa yakaja. Ninyi mliopitia mnajua; ambao hamjapitia, Mungu awaepushe. Mwili haujasikia habari. Mwili unaandaa chakula. Kifua kilijaa kikawa kama mawe, na kila kitoto cha mbuzi kilipolia uani, maziwa yalichuruzika.

Mama mkwe alikuwa amemzika mjukuu wake na nusu tu ya shati. Nusu nyingine aliirudisha. Alichana ukanda mmoja kutoka humo, akanifunga kifua, akakaza, akaweka paji la uso wake mgongoni kwangu, tukakaa hivyo. Nilimchukia, akina mama. Nilimchukia kwa kuwa ndiye aliyekuwapo.

Baba mkubwa alifika hatimaye, si Jumatano, bali Jumamosi. Nikanyolewa. Nikaketi kwenye mkeka mbele ya ukoo mzima, nimejifunika kitenge tumboni, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado halijashuka, na mtu asiyejua angedhani lina kitu. Wazee wakazungumza kuhusu marehemu, kuhusu mashamba, kuhusu ng'ombe. Ilipofika zamu yangu, baba mkubwa akasema kwa upole, "Huyu bibi, sasa yeye iko huru. Hakuna kazi tena kwa tumbo yake."

Mama mkwe akasimama. Mwanamke hasimami pale, na wazee waliguna. Akaenda akamshika yule mzee mkono, kama anavyoshikwa kipofu.

"Baba, kuja."

"Wapi?"

"Kuja tu."

Akampeleka nyuma ya jiko. Sote tukainuka tukawafuata. Pale palikuwa na udongo mdogo, na jiwe la kusagia lililovunjika, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliweka. Akasema, "Weka mukono yako hapa."

Mzee akarudi nyuma. "Mama, unajua desturi. Huyu hakulia."

"Hakulia," mama mkwe akasema, "kwa sababu alikungoja wewe."

Shemeji alitazama chini. Yule mzee alikuwa mrefu, mwenye fimbo. Ilimchukua muda kushuka. Alipiga goti moja, kisha la pili, akaweka kiganja chake juu ya udongo, akakiacha hapo. Kisha akalitamka jina. Lilikuwa jina la baba mzazi wa mzee huyo mwenyewe. Sitalitaja hapa, kwa kuwa lilitamkwa pale palipostahili, na waliopaswa kulisikia walilisikia.

Hapo ndipo nililia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mtu mmoja alianza wimbo wa msiba. Wanawake wakauitikia. Mwanangu akaombolezwa kama mtu.

Msidhani kwamba niliamka kesho yake nikiwa mzima. Sikwenda darasani mwaka ule wote. Nilioza, kusema kweli. Mkunga wa Koboko alinitembelea Ludara, akaketi jikoni kwangu, akanisimulia habari za watoto wengine waliopotea mikononi mwake, na alikuwa anaukumbuka uso wa kila mmoja. Kisha mmoja wenu, aliyeketi safu ile ya mbele, akanialika katika kikundi hiki cha kufarijiana. Nilikuja mara ya kwanza nikaketi karibu na mlango, kama hao kina baba. Mwezi wa Februari nikarudi kwenye dawati langu. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni. Niliinakili.

Mwaka uliofuata mke wa shemeji yangu alipata mimba. Mwezi wa nane wa mimba hiyo mkunga alimpapasa, kisha akapapasa tena. Yule dada aliporudi nyumbani akilia, shemeji hakuita kikao. Alikuja moja kwa moja mlangoni pangu, yeye aliyenitukana, akasimama na kofia mkononi.

"Shemeji. Mutoto iko amekaa. Twende Arua siku gani?"

Kulikuwa na matanga ya jirani yaliyokuwa yanasubiriwa, na kulikuwa na mavuno. Nikamjibu, "Leo."

Daktari alikuwa yuleyule. Aliweka mikono juu ya tumbo la yule dada, akasukuma taratibu, nami nikamwona mtoto akigeuka chini ya ngozi kama mtu anayejigeuza kitandani. Akageuka! Bila ubishi. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia, na sitawadanganya kwamba yalikuwa machozi ya furaha tu. Niliuliza ukuta: kwa nini huyu amekubali? Tulibaki Arua hadi siku yake. Alizaliwa salama, msichana, kichwa kwanza, mwenye kelele nyingi.

Namshukuru daktari aliyeniambia kuwa uamuzi ni wangu. Namshukuru mkunga aliyekumbuka nyuso. Nawashukuru wanawake wa sokoni waliovua vitenge vyao siku ile ya mvua wakabaki wameloa, nami hata sikuwaona nyuso zao. Nawashukuru ninyi. Na mama mkwe wangu, ambaye leo anaumwa miguu hakuweza kuja, namshukuru kwa kusimama pale ambapo mwanamke hasimami.

Nilichojifunza ni hiki, nacho ni kidogo. Mkunga akiwaambia mtoto amekaa, msikilizane mapema jinsi ya kumzaa, kisha mkalale karibu na mahali mlipochagua. Msingojee mkono wa mzee yeyote. Nimeuona mkono huo ukifika ukiwa umechelewa, na bado ulipokelewa. Jina linaweza kungoja. Mtoto hawezi.

Nimebakiza jambo moja, kisha nitaketi. Siku tuliyomrudisha yule msichana Ludara, mama mkwe alinitazama, kisha akalitazama sanduku langu. Nilielewa. Kipande cha shati la bluu kilichobaki kingetosha kumfunga mtoto mchanga, na ni damu moja. Watu wote walikuwa wakitabasamu wakisubiri nikitoe.

Nikasema, "Hapana, Mama. Hili ni la mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akampokea mjukuu wake kwa kitenge chake mwenyewe. "Iko sawa," akasema. "Ile iko na mwenyewe."